Kona ya Kibla: Likizo ya Disemba Kilifi na Malindi

Mwezi wa Disemba ukiingia, mwambao wetu hubadilika sura. Kaskazi huanza kuvuma, maembe ya ngowe na boribo hujaa masokoni, skuli hufungwa, na watu wa bara huteremka kwa mabasi na kwa treni kuja kuoga bahari. Ndio msimu ambao jamaa wengi wa Kiislamu nao hufunga safari. Krismasi si sikukuu yetu, lakini hizo ndizo siku chache katika mwaka ambazo baba hana kazi, mama ana nafasi, na watoto wote wamo nyumbani, wa skuli za bweni na wa skuli za kutwa.

Msimu huo una mapambo yake, na mapambo hayo hayamngoji mtu ayatafute. Yamo katika milango ya maduka makubwa, katika madirisha ya mabenki na katika kumbi za hoteli kutoka Nyali hadi Watamu. Mtoto huyaona, hupendezwa, na huuliza: "Mbona sisi hatupambi?" Swali lake ni la haki. Mzazi anayejibu kuwa hayo si yetu amesema kweli, lakini amesema nusu. Nusu ya pili ya jibu, ile inayoeleza kilicho chetu ni kipi, ndiyo tuliyoipata mwaka huu baina ya Kilifi na Malindi, na ndiyo tunayotaka kuwasimulia akina mama na jamaa wasomao ukurasa huu.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Tulikuwa watu tisa: bibi yetu, ndugu wawili na wake zao, na watoto wanne, mdogo wao akiwa na miaka mitano. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kabla ya jua kuwa kali na kabla ya msongamano wa magari ya Mtwapa. Ukivuka daraja la Mtwapa, nyumba hupungua. Mashamba ya mkonge ya Vipingo hufuata, mistari iliyonyooka hata macho yachoke, na baada yake mibuyu. Tulipofika panapochepuka njia ya Takaungu, mji wa kale wa Mazrui, bibi alinyanyua mikono akawasomea Fatiha wazee waliolala huko, nasi tukaitikia Amin.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi. Jina la mahali ndilo maelezo yake: pana kaburi lililosimamishiwa mnara wa mawe, na pembeni yake msikiti mkubwa uliobaki kuta bila ya paa. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Uko juu ya mwamba, na kutoka hapo hori lote laonekana chini, maji ya kijani yakizungukwa na mikoko. Mibuyu mikubwa imesimama baina ya magofu kama wazee waliokataa kuhama pamoja na wengine.

Msikiti wa Mnarani wajulikana kwa wingi wa maandishi yake ya Kiarabu yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe. Watoto walizunguka kuta zote, kisha wote wanne wakakusanyika mahali pamoja, mbele ya mihrabu. Mkubwa wao, binti wa miaka kumi na mitatu, aligundua jambo kabla yetu: kuta za pembeni ni wazi, na kazi ya mikono ya mafundi imeelekezwa kibla. Baba yake alimwambia kwamba wazee hawakupamba ili kujaza nafasi tu. Walichagua mahali pa kutukuzwa, wakapatukuza hapo. Maneno hayo yalipita, tukanunua madafu, tukaendelea na safari. Hatukujua kwamba kabla ya adhuhuri tutayahitaji.

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake, wasafiri walivuka kwa feri, na bibi alitusimulia foleni zile za jua kali, vikapu vya korosho na maembe vikipitishwa madirishani, na kina mama waliojuana kwa kukutana hapo tu, safari baada ya safari. Leo unavuka hori kwa muda wa kusoma dua moja. Baada ya Kilifi njia yapita Tezo na Matsangoni, kisha upande wa kushoto huanza msitu wa Arabuko-Sokoke, mkubwa katika misitu ya asili iliyobaki katika mwambao huu, na kimya chake huingia hadi ndani ya gari. Njia panda ya Gede ikipita, Malindi iko karibu.

Tulikuwa tumepanga fleti ndogo ya ghorofa ya pili kwa siku sita: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko la kujibana, na roshani inayotosha viti viwili. Mwenye nyumba ni mama wa Kigiriama, Mkristo, akaaye ghorofa ya chini. Alitupokea mlangoni, akamsalimu bibi "Shikamoo, mama," akatubebea baadhi ya mizigo, akatangulia kutufungulia. Ndani, sebule ilikuwa imepambwa. Pembeni palisimama tawi kubwa la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga iliyovishwa leso, limetundikwa karatasi za kung'aa, na juu yake nyota ya katoni. Alikuwa amelitawanyia vipande vya pamba kuwa mfano wa theluji, huku jasho likitutiririka sote kwa joto la Disemba.

"Nimewapambia," alisema kwa furaha, "msijione wageni."

Alipoteremka, sebule ile iligawanyika. Mmoja wetu alisema tulitoe tawi lile upesi tulifiche roshani, na tulirudishe siku ya kuondoka. Mwingine alisema ni tawi tu, na siku sita si nyingi. Watoto walikuwa wamekwisha kulizunguka, na mdogo alikuwa ameshika nyota mkononi. Kila jamaa wa Kiislamu aliyepata kukaa nyumba ya kupanga katika msimu huu anaujua mnong'ono huo. Ukilificha, unamdharau mtu aliyekukirimu, na mtoto anajifunza kwamba dini ni jambo la kufanywa kwa siri na kwa hofu. Ukilinyamazia, mtoto anajifunza kwamba dini haina la kusema ndani ya nyumba.

Bibi alikuwa ameketi kupunga upepo. Hakuingia katika mjadala. Aliuliza swali moja tu: "Kibla ni wapi hapa?"

Malindi na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, na kwa hivyo katika mji huu kibla ni kaskazini, bila ya kupinda kwingi. Tulitazama dirisha, tukatazama jua, tukatazama simu. Kaskazini ya sebule ile ilikuwa kona yenye mvinje. Watu tisa wangelazimika kusali wakilielekea tawi la Krismasi na pamba zake.

Bibi aliteremka mwenyewe, akiongozwa na mjukuu mkubwa, na binti huyo ndiye aliyetupa habari ya mazungumzo. Bibi hakuanza kwa shida, alianza kwa shukrani. "Mwanangu, umetukirimu, na Mungu akukirimu. Hatujawahi kupambiwa nyumba na mtu asiyetujua. Lakini tuna neno. Pale ulipoweka mti wako ndipo tunapoelekea tukisali, nasi katika dini yetu hatusali mbele ya pambo la sikukuu nyingine. Twaomba utusaidie kuuweka mahali pengine penye heshima."

Mwenye nyumba alishika mdomo, kisha akacheka. "Mama, lau ningalijua mwasali pale!" Alipanda na mwanawe, wakalichukua tawi na ndoo yake, wakalisimamisha katika baraza yake ya chini, ambapo watoto wote wa jengo hupita. Kabla ya kutoka, aliitazama ile kona akauliza kwa huruma ya kweli: "Sasa hapa patabaki patupu?"

Watoto walitugeukia. Swali lilikuwa lao pia.

Asubuhi ya pili tulikwenda Gede. Mji huu wa kale umo ndani ya msitu, kilomita chache kutoka bahari ya Watamu. Ulilindwa kisheria kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, na baina ya mwaka 1948 na 1958 mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua sehemu kubwa. Mwezi wa Julai 2024, UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Watoto waliposikia kuwa tarehe ile ni ya Hijria, kama ile ya kalenda ya madrasa yao, walilitazama kaburi kwa jicho jingine. Aliyelala pale alihesabu miezi kama wanavyohesabu wao.

Tungependa kila mama aende Gede na watoto wake, kwani ni somo la nyumba kabla ya kuwa somo la historia. Utakuta msikiti mkuu, na kando yake kisima na birika la kutawadhia. Utakuta nyumba zilizopangwa kwa kina, vyumba vya mbele vya wageni na vya ndani vya watu wa nyumba, kila nyumba na choo chake na mahali pake pa kujisafishia. Waliokaa hapa zaidi ya miaka 600 iliyopita walijua tohara na walijua sitara, na walijenga kwa kuzijali zote mbili. Baadhi ya nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa humo wakati wa kufukua: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kaure. Kima huruka baina ya kuta, na mdogo wetu alisadiki kwa muda kwamba wao ndio warithi.

Mapambo tuliyoyatafuta yalikuwa pale. Katika kuta mna vishubaka vya kuwekea taa. Juu ya kuta za baadhi ya vyumba vya jumba la mfalme mna safu za matundu, ambamo vilichomekwa vijiti vya kutundikia mazulia na vitambaa. Na katika mihrabu ya msikiti mkuu mlipachikwa mabakuli ya kaure yaliyotoka mbali, upande wa Uchina, yakapita Bahari ya Hindi kwa pepo za misimu. Fundi wa Gede alikuwa na bakuli zuri kupita yote mjini, na hakuliweka kabatini. Alilitia ukutani mwa nyumba ya Mwenyezi Mungu, upande wa kibla, liwapendeze wote wanaoingia kusali.

Binti yetu mkubwa alisimama mbele ya mihrabu ile, akakumbuka Mnarani. "Hata hapa," alisema, "wamepamba kona ya kibla."

Ndilo jibu tulilokuwa tukilitaka. Sisi ni watu tuliopamba. Watu wa mwambao wamechonga milango, wamejenga zidaka za chokaa kuta nzima, wametia kaure katika makaburi na mihrabu, wamefukiza udi na kutunga asmini, karne nyingi kabla ya karatasi za kung'aa kufika madukani. Mtoto anayeambiwa kwamba Uislamu hauna mapambo ameambiwa jambo ambalo mawe ya Gede yanalikanusha.

Alasiri tulirudi Malindi tukatembea mjini. Pwani, karibu na Msikiti wa Juma, yapo makaburi mawili ya minara, ndugu wa lile la Mnarani. Ukifuata pwani kuelekea kusini, utakuta kanisa dogo la Wareno lililoezekwa kwa makuti, ambapo Francis Xavier alipita mwaka 1542 akielekea Bara Hindi. Mbele zaidi, juu ya mwamba unaoingia baharini, uko mnara mweupe wa Vasco da Gama wenye msalaba juu yake. Watoto walitaka kujua imekuwaje msalaba ule ukasimama katika mji wa Waislamu.

Habari yenyewe yafaa isimuliwe yote. Da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, baada ya kuwa na uhasama na Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpokea, akampa chakula, na akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Malindi ilikuwa imezoea wageni. Miaka zaidi ya 80 kabla ya hapo, mwaka 1415, ujumbe wake ulifika Uchina na zawadi ya twiga. Wareno waliojifuata hawakulipa wema ule kwa wema, na mwambao uliteseka sana kwa mizinga yao. Ubaya wa mgeni hauifuti karama ya mwenyeji, lakini wafundisha kwamba karama yataka macho. Bibi aliufupisha kwa watoto hivi: mgeni mpe chakula, mpe maji, mpe na njia, lakini funguo za nyumba zikae kwako.

Hapo ndipo tulipoelewa vyema alichokifanya siku ya kwanza. Alimpa mwenye nyumba shukrani yote aliyostahiki, na kona ya kibla hakuitoa. Wala hakumtaka yule mama aache sikukuu yake. Tawi lile lilikuwa pale barazani kwake, na kila tulipopita tulimwamkia yeye na watoto wake.

Siku ya tatu tulikwenda sokoni, na watoto ndio waliokuwa mabwana wa shughuli. Tuliwawekea masharti matatu: ununuzi wote usizidi nauli ya mtu mmoja kutoka Mombasa, ukuta wa watu usitobolewe msumari, na kila kitu kiwe cha kutumika tena nyumbani. Walinunua mkeka wa ukindu wenye mistari ya rangi, asmini zilizotungwa, mafungu ya rihani, ubani, na chetezo kidogo cha udongo. Dukani walichukua sahani za karatasi nyeupe na rangi ya buluu.

Kazi ilichukua mchana mzima. Sahani zilichorwa maua na samaki wa buluu kwa mfano wa mabakuli ya kaure, kisha zikabandikwa kwa gundi ya karatasi katika umbo la tao, pale pale kona ya kaskazini, zikawa mihrabu ya watoto. Mama zao walikumbuka yale matundu ya Gede ya kutundikia mazulia, wakafunga kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, wakatundika leso za bibi mbili mbili, miji ikionekana na maandishi yakisomeka. Kila anayeingia ilimbidi asome kabla ya kuketi, na bibi alimweleza maana. Mkeka ulitandikwa, miswala juu yake. Rihani iliwekwa katika gilasi za maji, moja kila dirisha. Jua lilipozama, chetezo kilitiwa makaa, na harufu ya ubani ikateremka ngazi hata barazani.

Sebule ile haikuongezeka hata futi moja, ila ilipata upande. Kabla yake watoto walikuwa wakiitwa kusali mara tatu ndipo waje. Magharibi ile waligombania safu ya mbele, mbele ya sahani zao. Sala haitegemei mapambo, hilo twalijua, na mashekhe wetu hutukumbusha kwamba kinachomshughulisha mwenye kusali hakifai kuwa mbele yake. Kwa sababu hiyo tuliweka sahani juu, zaidi ya upeo wa macho ya anayesali. Lakini moyo wa mtoto huingia kwa mlango alioufungua kwa mkono wake.

Tarehe 25 ilifika. Jengo zima lilikuwa na shangwe tangu usiku, nyimbo za kanisani zikisikika kutoka mbali. Hatukusherehekea, wala hatukufunga madirisha kama waliokasirika. Asubuhi tulipika mahamri na mbaazi za nazi kama tupikavyo kila siku ya likizo, na kwa kuwa siku hiyo mwenye nyumba alikuwa na wageni tele, bibi aliagiza sinia moja limteremkie. Kuna jamaa watakaouliza mipaka ya mambo haya, na swali hilo walipeleke kwa sheikh wao wanayemwamini. Sisi twasema la ujirani tu: Qur'ani, katika Sura ya Mumtahina, haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu, na haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini.

Sinia lilirudi na maembe. Hivyo ndivyo sinia za mwambao zinavyosafiri, hazirudi tupu.

Alasiri hiyo, badala ya kuwaacha watoto na simu, tuliketi mkekani tukaisoma Sura ya Maryam na tafsiri yake. Walishangaa kwamba Nabii Isa, amani iwe juu yake, na mama yake Bi Maryam wana sura nzima katika Msahafu wao. Walishangaa zaidi kwamba katika habari hiyo umo mti, nao ni mtende. Chini yake Bi Maryam alipata tende mbivu na maji katika saa ya uchungu wake. Mdogo aliuliza kama mtende ule ulipambwa. Mama yake alimjibu kwamba ulizaa, na hilo lilimtosha Bi Maryam.

Kisha baba yao mdogo akawasimulia habari ya Habasha, nchi ambayo haiko mbali na yetu. Waislamu wa mwanzo, walipoteswa Makka, walivuka bahari wakapata hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo. Alipotaka kujua wanaamini nini, Jaafar bin Abi Talib alimsomea katika Sura hii hii ya Maryam, naye Najashi akalia, akakataa kuwatoa kwa adui zao. Jaafar hakuficha dini yake ili apendwe, wala hakumtukana mwenyeji wake ili aonekane shujaa. Alisema kilicho chake kwa sauti nzuri mbele ya mtu mwenye adabu. Binti yetu mkubwa akamtazama bibi, na bibi akajifanya anatafuta miwani yake.

Kwa jamaa watakaotaka kufuata njia hii, tuna machache ya kuwafaa. Ondokeni Mombasa mapema. Mnarani na Gede ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hivyo bebeni vitambulisho, kwani mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Waambieni watoto wasipande juu ya kuta, na wanapopita makaburini watoe salamu kama wafanyavyo makaburi ya kwao. Maji ya Malindi mjini huwa na rangi ya udongo mto Sabaki unapojaa. Wanaotaka maji maangavu waende Watamu, ambako, kama Malindi, iko hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Angalieni bamvua, kwani maji hupwa mbali na hurudi kwa haraka. Kina mama wanaopenda kutia miguu majini kwa sitara yao watapata pwani karibu tupu baada ya sala ya alfajiri, na kaskazi ya saa hiyo haina mfano.

Kuhusu nyumba ya kupanga, semeni mapema. Mnapozungumza na mwenye nyumba habari ya bei na maji, ongezeni neno moja kwamba nyinyi ni jamaa wa Kiislamu, mwasali ndani, na mngependa sebule iachwe wazi. Wengi watawapokea kwa wema, kwa kuwa hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa hawajui tu. Na mkikuta pambo limekwisha wekwa, tangulizeni shukrani, kisha semeni haja yenu wazi wazi, na msemaji awe mkubwa wenu.

Tulipokuwa tukifunga mizigo, mwenye nyumba alipanda kuagana. Aliomba sahani moja ya samaki wa buluu ibaki, akaibandika juu ya mlango wa jikoni. Nyingine zote watoto walizibandua taratibu, wakazifungia ndani ya mkeka. Ramadhani haiko mbali, na wamekwisha kuulizana ni ukuta gani wa nyumbani unaoelekea kaskazini.